Sura ya Sita: Ufunguo Uko kwa Nani

Mzigo wa Butembo hutoka mbali. Wafanyabiashara wa mji huu, wengi wao Wanande, wamezoea safari za Dubai na Guangzhou tangu zamani. Makontena yao hushushwa Mombasa, yakavuka Kenya na Uganda, yakaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi, ndipo yakashika barabara ya Beni na kupanda vilima hadi Butembo. Ndani yake mna vitenge, vipuri vya pikipiki, na simu. Penye simu nyingi mafundi simu hawakosekani, na kuna kazi moja ambayo kila fundi wa Butembo anaijua hata kama neno kriptografia halijawahi kufika masikioni mwake: kuflashi.

Mteja analeta simu iliyokwama kwenye nembo. Ukiiwasha inaonyesha jina la kampuni, inazima, inaonyesha tena jina lile lile, na haiendi mbele. Fundi haifungui kwa bisibisi. Anawasha kompyuta, anafungua programu iitwayo SP Flash Tool, anachagua faili dogo la ramani linaloeleza kila kipande kikae wapi ndani ya hifadhi ya simu, kisha anabana kitufe cha sauti huku anachomeka waya. Mstari mwekundu unapita chini ya dirisha la programu, halafu unafuata wa njano, unatambaa asilimia moja moja. Mwisho inatokea alama ya vema, ya kijani, ndani ya duara. “Imepona, mama. Mara ya kwanza inakawia kuwaka, uivumilie.”

Kilichoingia katika simu hiyo kinaitwa programu dhibiti. Ni programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe na kukiamrisha tangu sekunde ya kwanza kinapopata umeme: jinsi ya kuwasha skrini, jinsi ya kuzungumza na mnara, wapi pa kuandika namba zako. Simu inayo, redio inayo, mita ya umeme ya kulipia kabla inayo, kisanduku cha sola kilichopachikwa ukutani kinayo. Programu za kawaida zinaishi juu yake na zinaamini kila inachoziambia. Anayeishika programu dhibiti amekishika kifaa chote, na mwenye kifaa hana pa kuchungulia.

Sasa tuulize faili lile fundi alilitoa wapi. Aghlabu lilikuwa kwenye flashi ya fundi mwenzake, naye alilipata Kampala kwa mtu aliyelipakua mahali fulani miaka miwili iliyopita. Limepita mikono mingi, na yeyote kati ya hao angeweza kuongeza kitu. Fundi mwenyewe ni mwaminifu, ana jina la kulinda mtaani, lakini hana njia ya kujua. Na simu nyingi za bei nafuu alizozishika katika kazi yake hazikumuuliza kitu: ziliandika kilicholetwa na kuwaka.

Hofu hii ina historia. Mnamo Agosti 2020 kampuni ya Upstream, pamoja na waandishi wa BuzzFeed News, walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikuwa na programu hasidi mbili, Triada na xHelper, zilizokuwamo tayari kabla simu haijatoka kwenye boksi. Zilikuwa zikiwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia bila wao kujua, na salio likayeyuka. Watu walioifuta simu na kuirudisha katika hali ya kiwandani waliikuta xHelper imerudi, kwa sababu ilikuwa ikipandwa upya kutoka chini, mahali ambapo kufuta hakufiki. Kampuni mama ya Tecno, Transsion ya Shenzhen, ilimlaumu mhusika katika mnyororo wa ugavi bila kumtaja.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Google walikuwa wameeleza njia inayotumiwa na Triada kuingia. Kiwanda cha simu kinataka nyongeza ndogo, tuseme kufungua simu kwa uso. Hakina wahandisi wa kuitengeneza. Kinalituma faili zima la mfumo kwa kampuni nyingine iongeze kipande hicho, na faili linarudi likiwa na kipande kilichoombwa pamoja na kingine ambacho hakikuombwa. Kiwanda kinalipokea na kulipakia katika simu zake. Shikilia mfano huu, maana utatusumbua baadaye.

Dawa ambayo wahandisi wameitumia ni sahihi ya kidijitali. Msingi wake uliwekwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakapata njia ya kuufanyisha kazi, ile inayoitwa RSA hadi leo. Kuna funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Mmoja ni wa siri, anao mtengenezaji peke yake. Mwingine ni wa wazi na unaweza kubandikwa hata mlangoni pa soko. Faili lote linapitishwa katika hesabu inayotoa namba fupi iitwayo hashi. Ukibadilisha herufi moja katika faili lenye kurasa milioni, hashi inageuka yote. Mtengenezaji anaipiga hashi hiyo kwa ufunguo wake wa siri, na matokeo ndiyo sahihi. Mwenye ufunguo wa wazi anaweza kuihakiki sahihi, ila hawezi kuitengeneza.

Lori linalovuka Kasindi hufungwa lakiri ya forodha kwenye milango ya kontena. Lakiri ikifika Butembo nzima, unajua kwamba tangu ilipofungwa hakuna aliyefungua. Haikuambii kilichomo, wala haikuambii kama afisa aliyeifunga alitazama ndani. Sahihi ya kidijitali ina nguvu hiyo hiyo na mpaka huo huo, na watu wengi wanaoiuza kwa serikali za Afrika wanataja nguvu na kuusahau mpaka.

Twende karakana tuone sahihi inavyotiwa, maana hapo ndipo makosa huzaliwa. Programu dhibiti haiandikwi kwa mkono faili moja. Zana za kujengea huchukua vipande mbalimbali, yaani kiini cha mfumo, orodha ya vifaa vilivyo kwenye bodi na faili za kuanzia, na kuvifunga kuwa faili moja la kupakia. Kwa miaka mingi zana hizo zilifunga tu. Ziliweka hesabu ndogo ya kugundua faili lililoharibika njiani, lakini hesabu hiyo kila mtu anaweza kuirudia, kwa hiyo inamzuia mdudu wa waya na haimzuii mwizi.

Mfano ninaoupenda ni U-Boot, programu huria ya kuwashia vifaa iliyoanzishwa na Wolfgang Denk wa Ujerumani, ambayo leo imo katika ruta, kamera, mashine za viwandani na vifaa vingine visivyohesabika. Zana yake ya kufungia inaitwa mkimage. Mwaka 2013 Simon Glass, mhandisi wa Google, aliifundisha kutia sahihi. Ukiitazama kwa nje ni mabadiliko madogo: unaiambia mkimage saraka yenye ufunguo wa siri iko wapi, nayo inasoma orodha ya vipande, inapiga hashi ya kila kimoja, inatia sahihi, na inaandika ufunguo wa wazi ndani ya programu ya kuwashia ili kifaa kiwe nao kitakapohakiki.

Ndani yake mlikuwa na mtego. Tuseme unatia sahihi kila kipande peke yake: kiini cha toleo la kwanza kina sahihi, orodha ya vifaa ya toleo la pili ina sahihi, vyote halali. Mshambuliaji hana haja ya kughushi kitu. Anachukua kiini cha zamani chenye tundu linalojulikana, anakiunganisha na kipande kipya ambacho hakikukusudiwa kukaa nacho, na kifaa kinakubali kwa sababu kila sahihi ni ya kweli. Ndiyo maana mkimage inaweza kutia sahihi juu ya mpangilio mzima: kiini hiki, pamoja na orodha hii, na faili hizi za kuanzia, vikiwa pamoja. Vilevile kuna alama inayosema kwamba ufunguo huu ni wa lazima. Bila alama hiyo kifaa kinaweza kuhakiki sahihi, kikaikuta mbovu au haipo kabisa, na bado kikawaka. Nimesoma maelekezo ya bidhaa yanayojigamba kwa “uhakiki wa sahihi” pasipo kusema kifaa hufanya nini uhakiki ukishindwa. Hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza.

Swali la pili ni nani anamhakiki mhakiki. Programu ya kuwashia inahakiki kiini. Nani anaihakiki yenyewe? Jibu liko ndani ya chipu. Kiwandani, hashi ya ufunguo wa wazi huchomwa katika fyuzi ndogo zisizorudi nyuma, na msimbo uliogandishwa ndani ya chipu, usioweza kuandikwa upya, unaisoma kila umeme unapokuja. Kuanzia hapo kila ngazi inaihakiki inayofuata. Fyuzi ikishaungua imeungua: ufunguo ule umekuwa mwenye kifaa kwa maisha yote ya kifaa.

Kwa hiyo mzigo wote umeangukia kwenye ufunguo mmoja wa siri, na binadamu wamekuwa wabovu sana katika kuutunza. Mwezi Desemba 2010, katika mkutano wa wadukuzi huko Berlin, kundi la fail0verflow lilionyesha kwamba Sony, kila ilipotia sahihi kwa mashine yake ya michezo ya PlayStation 3, ilitumia namba ile ile mahali palipotakiwa namba mpya ya nasibu. Sahihi mbili za namna hiyo zinatosha kuukokotoa ufunguo wa siri kwa hesabu za darasani. Julai 2024 wachunguzi wa kampuni ya Binarly walifichua jambo la kusikitisha zaidi: mamia ya modeli za kompyuta za kampuni kubwa zilikuwa zikitegemea ufunguo wa majaribio wa AMI, mtengenezaji wa programu dhibiti. Katika jina la cheti cha ufunguo huo mlikuwa na onyo, kwa Kiingereza kinachosomeka wazi, kwamba usiaminiwe. Ulikuwa mfano, wa kubadilishwa kabla ya mauzo. Watu waliupita, bidhaa zikauzwa, na ufunguo wenyewe ukaja kuvuja hadharani.

Kisa cha AMI ndicho kinachonifanya niseme kwamba zana ya kujengea ina wajibu wa kimaadili. Zana inayokuja na ufunguo wa mfano, na inayokubali kujenga bidhaa kwa ufunguo huo bila kupiga kelele, imeandaa ajali. Zana nzuri hukataa. Inamtaka mhandisi aje na ufunguo wake, na ikiwezekana haiuoni kabisa: inatuma hashi kwa kifaa kidogo kilichofungwa, ufunguo unabaki ndani ya kifaa hicho, na kinachorudi ni sahihi peke yake.

Kabla hatujatoka Butembo, haki ya fundi wetu isipotee. Simu za miaka ya karibuni zinakuja zimefungwa. Anachomeka waya, programu inamwambia alete faili la idhini ambalo mtengenezaji hampi mtu wa mtaani, na simu ambayo angeifufua kwa dakika 20 inatupwa kwenye kopo la vipuri. Kwa mteja ambaye simu hiyo ndiyo benki yake, kinga hiyo imekuwa adhabu. Hapo siko upande wa viwanda. Kufuli inayomkinga mwenye mali na ufunguo usio mikononi mwake ni vitu viwili visivyokaa pamoja vizuri, na njia ya kati ipo: Google, katika simu zake za Pixel, inamruhusu mwenye simu kuifungua, kuweka ufunguo wa wazi wa kwake, na kuifunga tena. Simu inaonyesha onyo la njano kila inapowaka, ikisema kwamba inamwamini mtu mwingine asiye kiwanda. Kinga inabaki, ila ufunguo umehamia kwa mwenye mali.

Kuna kifaa kingine kilichotakiwa kufika Beni na Butembo, nacho kinagusa mali ya umma. Kwa uchaguzi wa 2018, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, CENI, chini ya Corneille Nangaa, ilinunua zaidi ya mashine 100,000 za kupigia kura kutoka Miru Systems ya Korea Kusini. Mpiga kura anagusa skrini, anamchagua mgombea, mashine inachapa karatasi, naye anaitia katika sanduku. Wagombea wa ubunge wa taifa walipita 15,000, kwa hiyo hoja ya CENI kwamba karatasi za kawaida zingekuwa vitabu haikuwa ya kupuuza. Upinzani uliiita mashine ya wizi. Shirika la The Sentry lilikumbusha Septemba 2018 kwamba Argentina ilikuwa imeachana na mashine ya kampuni hiyo hiyo baada ya wataalamu kuonyesha udhaifu wake. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2018 ghala la CENI mjini Kinshasa likaungua, na mashine zilizoteketea zilikuwa karibu 8,000.

Beni na Butembo hazikuwahi kuigusa skrini siku ile. Tarehe 26 Desemba, siku nne kabla ya kura, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na maeneo ya jirani, pamoja na Yumbi katika Mai-Ndombe, yangepiga kura Machi 2019. Sababu kwa upande wa Beni na Butembo ilikuwa Ebola na usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni 1.2 waliwekwa kando, na kila mtu aliweza kuhesabu: rais angeapishwa Januari. Kesho yake waandamanaji wa Beni walikivamia kituo cha kupokelea wagonjwa wa Ebola. Na tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni wakaandaa kura yao wenyewe. Walipanga foleni, wakanawa mikono kwanza, kama walivyofundishwa na timu za Ebola, halafu wakapiga kura bila mashine wala tume, wakijua haitahesabiwa popote. Félix Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Kura ya wabunge ya Beni na Butembo ilifanyika tarehe 31 Machi.

Miezi mitatu kabla ya tangazo lile la CENI, Septemba 2018, timu ya watafiti iliyoongozwa na Patrick Vinck ilikuwa imewahoji watu wazima 961 katika miji hii miwili. Karibu mmoja katika kila wanne hakuamini kwamba Ebola ipo. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea maslahi yao. Mhandisi anayetaka kuleta mashine yenye sahihi ya kidijitali mbele ya watu hawa anapaswa kuzisoma takwimu hizo kabla ya kusoma mwongozo wa mkimage. Sahihi inakutaka umwamini mwenye ufunguo wa siri. Kama mwenye ufunguo ni ofisi ambayo watu hawaiamini, hesabu nzuri kuliko zote duniani zitathibitisha tu kwamba programu imetoka kwa wale wale wasioaminika.

Angalia kilichotokea katika taifa zima Januari 2019. CENI ilimtangaza Tshisekedi kwa asilimia 38.57. Kanisa Katoliki, kupitia baraza la maaskofu CENCO, lililokuwa na waangalizi 40,000, lilisema matangazo hayo hayalingani na waliyokusanya. Kisha faili likavuja. Gazeti la Financial Times la London liliandika tarehe 15 Januari kwamba takwimu za kielektroniki zilizovuja, zinazowakilisha asilimia 86 ya kura, zinampa mpinzani wake, Martin Fayulu, asilimia 59.4. Serikali na CENI walizikataa, na Mahakama ya Katiba ikathibitisha ushindi wa Tshisekedi tarehe 20 Januari. Waandishi walilazimika kuzipima takwimu zile kwa kuzilinganisha na za Kanisa, mstari kwa mstari, kwa sababu faili lenyewe halikuwa na namna ya kujithibitisha mbele ya msomaji wa kawaida.

Hapo sahihi ingekuwa na kazi ya kweli. Kila mashine ingepewa ufunguo wake, orodha ya funguo za wazi ingechapishwa kabla ya siku ya kura, na kituo kinapofungwa mashine ingetia sahihi matokeo yake. Faili likivuja, likaibwa au likaletwa na adui, lisingejali njia liliyopitia: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, hapo Butembo, angelihakiki kwa kompyuta ya mkononi jioni moja na kujua kama kuna tarakimu iliyoguswa. Lakini sahihi hiyo inatiwa na programu iliyo ndani ya mashine. Programu ikiwa imebadilishwa, itatia sahihi halali juu ya namba za uongo. Kwa hiyo sahihi ya programu dhibiti lazima itangulie sahihi ya matokeo.

Hata zote mbili zikiwepo, uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 ulitupa somo lingine. CENI, sasa chini ya Denis Kadima, ilitumia tena mashine za Miru. Tarehe 5 Januari 2024 tume yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, na miongoni mwa makosa iliyoyataja lilikuwa kumiliki mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Mashine halisi, za tume, zilikuwa mikononi mwa wagombea. Mashine ya namna hiyo haihitaji kudukuliwa. Sahihi ya programu ni halali, ufunguo ni halali, na karatasi inazochapa hazina tofauti na nyingine. Hakuna mstari wa msimbo unaoweza kujua kwamba mezani pamekaa mgombea na chumba si kituo cha kura. Kinachoweza kuliona hilo ni daftari la kukabidhiana, lakiri yenye namba, na mashahidi wa vyama waliokesha mlangoni.

Basi ukiniuliza nini kidaiwe kabla mashine hazijarudi Beni na Butembo, naanza na ufunguo wa siri. Usiwe wa mtu mmoja wala wa ofisi moja. Mfano upo tangu 2010 katika ufunguo mkuu wa majina ya intaneti, unaotunzwa katika vituo viwili nchini Marekani. Kila kituo kina watunza funguo saba wanaotoka nchi mbalimbali, hakifanyi kazi bila watatu wao kuwapo, na shughuli yote huonyeshwa moja kwa moja kwa anayetaka kutazama. Kongo ina Kanisa, ina mahakimu, ina vyama, ina vyuo vikuu. Ufunguo uliogawanywa miongoni mwao haumlazimishi mkazi wa Beni kumwamini mmoja wao; unamtaka aamini tu kwamba hawawezi kula njama wote pamoja.

Kugawa ufunguo hakutoshi iwapo wanaotia sahihi hawajui wanachokitia sahihi. Ndilo tatizo la kiwanda kile cha simu: kingeweza kutia sahihi ya kweli juu ya faili lililokwisha kupandwa Triada. Kwa hiyo msimbo chanzo uwe wazi, na zana ya kujengea iwe imetengenezwa ili watu wawili waliokaa miji miwili, wakijenga msimbo ule ule, wapate faili lile lile hadi biti ya mwisho. Wahandisi wa Debian, mfumo huria wa kompyuta, wamekuwa wakiifanya kazi hiyo tangu 2013, na kero zake ni ndogo ndogo: tarehe ya kujenga inayojipenyeza ndani ya faili, jina la saraka, mpangilio wa faili. Sahihi yenyewe nayo ni kero, maana mjengaji wa Butembo hana ufunguo wa siri na faili lake litakosa kile kipande. Zana iweke sahihi pembeni, mwili wa programu ulinganishwe bila sahihi, halafu sahihi ihakikiwe peke yake kwa ufunguo wa wazi.

Na asubuhi ya kura, mashine isiulizwe kuhusu yenyewe. Zipo mashine zinazoonyesha kwenye skrini hashi ya programu yao, na watu wakaridhika. Programu iliyobadilishwa inaweza kuonyesha hashi yoyote iliyofundishwa. Hifadhi yake isomwe kutoka nje, kwa kompyuta waliyoileta mashahidi, na hashi inayotoka, herufi na tarakimu 64, ilinganishwe na ile iliyobandikwa mlangoni pa kituo wiki kadhaa kabla. Kazi hiyo haiwezekani kwa mashine zote za jimbo. Zichaguliwe kwa kura ya bahati nasibu mbele ya mashahidi, siku hiyo hiyo, ili asiwepo anayejua mapema itakaguliwa ipi. Mashine ambayo hashi yake haikulingana ifungwe lakiri, iandikwe katika kumbukumbu za kituo, na watu wapige kura kwa karatasi za akiba zilizochapwa mapema, ambazo kila kituo kiwe nazo hata kama hazitatumika.